Mitutu inacheza kwenye bawaba: usililaumu komeo kabla ya kupima

Msomaji wa Tegeta ameuliza hivi: "Mtaalamu, shikamoo. Nimerithi shotigani ya babu, mitutu miwili iliyopangwa sambamba, geji 12, imeandikwa Birmingham. Kibali kimeshahamishiwa jina langu na bunduki ni ya ulinzi wa shamba Mkuranga. Nikiondoa ubao wa mbele, ule unaoshikwa chini ya mitutu, na kuitikisa, mitutu inagonga tak, tak. Fundi mmoja wa Gerezani, Dar, amesema komeo limelika, atalijaza kwa weldingi, kazi ya nusu saa. Mwingine ameniambia nigonge nundu za chini kwa nyundo ili zijibane. Je, komeo la zamani namna hii lina nguvu ya kuhimili risasi za siku hizi? Na bunduki inatengenezeka, au ndiyo imekufa?"

Marahaba. Usiifyatue tena mpaka ipimwe, usimpe wa nusu saa, na nyundo mwachie seremala. Bunduki ya aina hii mara nyingi haijafa. Tatizo ni kwamba mafundi wote wawili wameandika dawa kabla ya kujua ugonjwa uko wapi, na wa kwanza amelishika komeo ambalo, kwa mlio unaoueleza, huenda halina hatia.

Tukubaliane majina kwanza, maana kila karakana ina yake. Bodi ya chuma ina umbo la herufi L iliyolala: kuna sakafu inayokwenda mbele, na ukuta uliosimama nyuma, ambao ndio unaoziba matako ya risasi. Mbele kabisa ya sakafu imepita pini ya mviringo kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Hiyo ndiyo bawaba. Chini ya mitutu zimeota nundu mbili za chuma. Nundu ya mbele imekatwa nusu duara upande wa mbele, ikaikumbatia pini kwa nyuma yake. Hapo nitapaita ndoana. Nundu zote mbili zina mapengo yaliyochongwa kwa nyuma, na ndani ya sakafu kuna kipande bapa kinachoteleza na kuingia kwenye mapengo hayo unapouachia wenzo wa juu, ule unaosukumwa kwa dole gumba kuifungua bunduki. Hicho ndicho komeo. James Purdey wa London alilisajili mwaka 1863, na mwaka 1865 W. M. Scott wa Birmingham akasajili mhimili unaoliunganisha na wenzo wa juu. Ndoa ya vitu hivyo viwili ikaigwa kila mahali, kuanzia Liège ya Ubelgiji hadi Eibar ya Hispania, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kuwa ya babu yako ni ya ukoo huo.

Sasa hesabu ya nguvu, maana ndiyo jibu la swali lako. Risasi ya kawaida ya geji 12 inaweza kufikisha shinikizo la bar 700 hivi (bar moja ni karibu kilo moja kwa sentimita ya mraba) ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Tako la ganda lina kipenyo cha karibu milimita 20, yaani eneo la sentimita za mraba 3 na kidogo. Zidisha, utapata zaidi ya tani 2 zikiusukuma ukuta kwenda nyuma, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ni kama kuegesha Land Cruiser nzima kwenye sarafu. Ukuta ukisukumwa nyuma, bodi inakwenda nayo, na kinachoizuia isiachane na mitutu ni pini kukabwa na ndoana. Mzigo mkubwa uko pale. Nundu ya nyuma, kwenye bunduki iliyoundwa vizuri, husaidia kwa kugusa ncha ya tundu lake ndani ya sakafu.

Komeo lina kazi nyingine. Linazuia mitutu isiinuke kutoka kwenye sakafu, yaani isifunguke. Halina uwezo wa kuivuta mitutu nyuma ikaubana ukuta, hata ulijaze vipi. Kwa hiyo komeo la Purdey lililokaa vizuri lina nguvu ya kutosha na kubaki. Ukiniuliza sehemu ninayoihofia zaidi kwenye bunduki nzee, sitalitaja komeo. Nitataja kona, pale ukuta unapokutana na sakafu. Kwa kuwa mstari wa katikati ya mtutu uko juu ya sakafu, kila mlio unataka kuulaza ukuta nyuma, na chuma kinapinda kidogo sana pale konani kisha kinarudi. Watengenezaji wazuri waliiacha kona hiyo na kijiduara ndani. Walio na haraka waliikata pembe kali, na pembe kali ndiyo mama wa ufa. Bodi ya mafundi Anson na Deeley wa Birmingham ya mwaka 1875, ambayo mashine zake zimefichwa ndani, imetobolewa sakafu ili kuzipa nafasi, basi hapo kona inahitaji kuangaliwa kwa lenzi.

Baadhi ya bunduki zina kiungo cha ziada juu: ulimi unaotoka kati ya mitutu na kuzama kwenye ukuta, wakati mwingine ukiwa na tundu linalopitiwa na kipande cha mviringo, kama ule wa Greener, mtengenezaji wa Birmingham. Ukikaa sawasawa, ulimi huo unaushika ukuta usilale. Lakini kwenye bunduki nyingi za bei nafuu zilizoiga mtindo huo, kipande kile hakigusi chochote. Ni pambo. Kipake masizi, funga, fungua, utaona mwenyewe.

Twende kwenye vipimo. Hakikisha chemba zote mbili ni tupu, kwa macho na kwa kidole, na risasi ziko chumba kingine. Ondoa ubao wa mbele, kwa sababu springi yake huisukuma mitutu nyuma na kuficha ulegevu. Ndiyo maana bunduki inaweza kuonekana imara dukani kumbe imechoka. Bila ubao huo mitutu inaweza kuchomoka ukiifungua, basi ishike kwa mkono juu ya godoro au meza yenye blanketi.

Funga, shika shingo ya kitako, itikise mbele na nyuma kana kwamba unachomoa panga alani. Ikigonga kwa mwelekeo huo, pini na ndoana zimeachana. Sasa shika mitutu kwa mkono mwingine ujaribu kuiinua na kuishusha. Ikicheza juu na chini, hapo ndipo komeo au mapengo yake yanapoingia kwenye mashtaka. Ikicheza kushoto na kulia tu, mbavu za nundu zimelika. Inaudhi, ila ndiyo hatari ndogo kuliko zote. Mlio wako wa tak tak wakati wa kutikisa, huku hujasema lolote kuhusu kuinuka, unanielekeza kwenye bawaba.

Baadaye pima kwa karatasi. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa takriban milimita 0.1. Kata utepe mwembamba, uweke juu ya ukuta kati ya mashimo mawili ya pini za kupigia fataki (kile kidonge cha kuwasha baruti kwenye tako la risasi), mbali na kivuta ganda, kisha funga polepole bila kulazimisha. Ikifunga kabisa na wenzo ukarudi mahali pake pa kawaida, nafasi iliyopo ni angalau 0.1. Mwenye fila za gereji, vile vibapa vya kupimia nafasi nyembamba, atapima vizuri zaidi, kuanzia 0.05 na kupanda. Kwa kipimo changu: ikikataa 0.05 ni nzima, ikikubali 0.05 na kukataa 0.1, iweke chini ya uangalizi; ikikubali 0.1, itengenezwe kabla ya kufyatuliwa, ikipita 0.2, hata jaribio moja usifanye. Rudia kipimo kwa utepe upande wa mtutu wa kulia peke yake, halafu wa kushoto. Tofauti kati yao inaonyesha pini imelika upande mmoja au imepinda, na fundi anahitaji kujua hilo kabla hajagusa kitu.

Tazama pia wenzo wa juu. Ukiwa mpya hukaa kidogo kulia kwa mstari wa katikati. Komeo linavyolika nao unasogea kushoto. Ukishavuka katikati kwenda kushoto na kugota, kabari ya komeo imekwisha. Wako uko wapi? Ukiwa bado kulia au katikati, fundi wa weldingi alikuwa anakaribia kuharibu komeo zima.

Neno la pembeni: ukiielekeza bunduki iliyofungwa kwenye mwanga wa dirisha, unaweza kuona uwazi mwembamba kati ya tumbo la mitutu na sakafu. Usishtuke. Watengenezaji wengi waliacha nafasi hiyo makusudi. Mwanga unaotakiwa kukutia wasiwasi ni ule kati ya mitutu na ukuta.

Kwa nini uwazi wa unene wa karatasi uwe jambo? Kwa sababu ganda la risasi halina ukuta wa kuliegemea. Fataki inasukumwa nje, kisha tako la ganda linakuja nyuma na kuirudisha. Ukiona maganda yenye fataki zilizochomoza au zilizotoboka, umeshapata ushahidi. Wakati mwingine pini ya kupigia haiifikii fataki vizuri, risasi inagoma. Gesi inaweza kuvuja nyuma kuelekea jicho na mkono. Na kila mlio, mitutu na bodi vinatengana kisha vinagongana, kama nyundo na fuawe, hivyo ulegevu huzaa ulegevu. Bunduki iliyochukua miaka mingi kufika 0.1 haichukui muda huo kufika 0.2.

Ulegevu huo unatoka wapi? Sababu kuu ni bawaba kavu yenye mchanga. Mchanga laini wa pwani ukichanganyika na mafuta mepesi unakuwa dawa ya kusaga, na kila ukifungua unaisaga pini. Ya pili ni kutu, ambayo kwa hewa ya chumvi ya Dar haihitaji mwaliko: inakula ndoana mahali ambapo jicho halifiki. Ya tatu ni watu kuifunga kwa kuikung'uta kama mlango wa daladala, au kuifungua na kuiacha mitutu ianguke kwa uzito wake. Ya nne ni risasi kali kuliko bunduki ilivyopimwa. Nitairudia hiyo.

Sasa dawa za uongo, nizitaje ili ukizisikia uondoke. Kugonga nundu kwa nyundo au patasi butu kunasukuma chuma kidogo mbele, bunduki inabana siku hiyo, na baada ya mizinga michache chuma kile kilichogongwa kinalala tena. Zaidi ya hapo, nundu imeharibika sura na fundi wa kweli lazima aanze kwa kusafisha uharibifu. Kubandika kipande cha kopo au cha fila kwa lehemu kwenye ndoana ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia: lehemu ni laini, kipande kinapasuka na kusogea, kisha kinaikwamisha bunduki au kinaiacha legevu kuliko mwanzo. Kujaza chuma kwenye ukuta wenyewe kunaharibu mashimo ya pini na kulainisha sehemu iliyotiwa ugumu. Weldingi ya fimbo ya umeme ndiyo mbaya kuliko zote. Joto lake halidhibitiki, na tepe za juu na chini zinazounganisha mitutu miwili zimeshikwa kwa lehemu ya bati na madini ya risasi, inayoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ukiyeyusha hiyo, mitutu inaachana, na gharama ya kuiunganisha upya na kuilenga huwa kubwa kuliko kazi ya bawaba yenyewe.

Kazi halali ina njia mbili, na aina ya pini ndiyo inayoamua. Angalia ncha za pini ubavuni mwa bodi. Ukiona duara hafifu au mfereji wa bisibisi, pini inatoka. Usipoona alama yoyote, huenda imechongwa pamoja na bodi, au imefichwa chini ya nakshi.

Pini inayotoka ikiwa imelika, inatengenezwa kubwa zaidi. Watu wengi wanakosea hesabu hapa. Pini ikinenepa, ni nusu tu ya unene ulioongezeka ndiyo inayoisukuma ndoana nyuma, maana nusu nyingine imeangalia mbele. Ukiwa na uwazi wa 0.12, kipenyo lazima kiongezeke 0.24, pamoja na 0.06 hadi 0.1 ya akiba ya kusugua wakati wa kulinganisha. Pini ya milimita 9.5 inakuwa takriban 9.82. Chuma kiwe cha aloi, EN19 au EN24, ambavyo wauza vyuma vya mashine wanavifahamu. Nondo au boliti ya gari havifai. Tundu kwenye bodi linapanuliwa kwa rima, kifaa cha kukwangua tundu, kwenye mashine iliyopangwa kwa saa ya kupimia mkengeuko, kamwe kwa drili ya mkono. Tundu likienda upande kwa sehemu ndogo tu ya milimita, mtutu mmoja utagusa ukuta na mwenzake utaning'inia. Kisha ndoana nayo inapanuliwa kulingana na duara jipya, la sivyo pini kubwa itakaa kwenye ncha mbili za ndoana, ionekane imebana, na ncha hizo zitalika kabla ya msimu kuisha.

Kama pini ni nzima na ndoana ndiyo iliyolika, au pini haitoki, chuma kinaongezwa kwenye ndoana. Njia ya zamani, na bado naipenda, ni kuchonga mfereji wenye kingo zinazobana kwa ndani, kupitisha kipande kipya kwa kukigonga kidogo, na kukichonga duara. Kinashikwa na umbo lake. Lehemu inazuia tu kisitambae. Njia ya sasa ni weldingi ya argoni kwa waya mwembamba wa milimita 0.8 hadi 1. Fundi anaweka nukta moja, anasubiri hadi nundu ishikike kwa mkono mtupu, ndipo aweke ya pili. Tepe na sehemu ya chemba zimefungwa vitambaa vyenye maji. Kazi ikifanywa hivyo inakula nusu siku kwa chuma cha ukubwa wa punje ya mahindi. Anayekuambia nusu saa amekwisha kukujibu.

Kwa vyovyote vile, baada ya kuongeza chuma bunduki haifungi, na haitakiwi kufunga. Inakuja kazi ya masizi. Koroboi ya mafuta ya taa, utambi ukiwa mrefu kidogo ili itoe moshi, inatosha kabisa. Mafundi wa Birmingham walitumia kitu hichohicho. Ndoana inapakwa masizi, mitutu inawekwa na kufungwa kwa mkono mpaka inapogota, inafunguliwa. Penye alama inayong'aa pameguswa. Panaondolewa kwa tupa laini sana au jiwe la mafuta, mpapaso mmoja au miwili, kisha masizi tena. Ni mara thelathini, arobaini, wakati mwingine zaidi. Unatafuta mambo matatu kwa pamoja: ndoana iguse sehemu kubwa ya duara, nundu ya nyuma iguse ncha ya tundu lake, na mitutu yote miwili iache alama sawa kwenye ukuta. Hapa haraka haina baraka hata kidogo, kwa kuwa mpapaso mmoja wa ziada unakurudisha kwenye kuongeza chuma.

Mitutu ikishakaa, vitu vingine vitakuwa vimehama. Mapengo ya nundu yamesogea nyuma kwa kiasi kilekile, kwa hiyo komeo huenda lisiingie kikamilifu. Hapo ndipo linapoguswa, kwa kupunguza au kwa kutengeneza jipya. Ulimi wa juu ukiwapo unaweza kukwama. Ubao wa mbele utabana, na chuma chake kinachozunguka kwenye bega la bodi kinahitaji kulinganishwa. Kivuta ganda kinaweza kugusa ukuta kabla ya mitutu. Utaratibu ni bawaba, komeo, ubao wa mbele, kivuta, basi. Anayeanza na komeo kisha akaja kwenye bawaba atalitengeneza komeo mara mbili, na wewe utalipa mara mbili.

Kabla ya kulipia yote hayo, lakini, hakikisha bodi na mitutu vinastahili gharama. Kona ipakwe dawa nyekundu ya kupenya nyufa, ile wanayotumia wakaguzi wa weldingi, ifutwe, halafu ile nyeupe juu yake. Mstari mwekundu ukijitokeza konani, bunduki hiyo ni ya ukutani, na hapo sina ushauri wa kuikarabati. Mitutu ipigwe kwa upole ikiwa imening'inizwa kwenye nundu: ikilia kama kengele, tepe zimeshika, ikilia kama debe, kuna lehemu imeachia. Ukiona michoro ya mawimbi au maua kwenye chuma cha mitutu, hicho ni chuma kilichosokotwa, na hakitakiwi kupigwa risasi za kisasa hata bawaba ikiwa mpya. Unene wa kuta za mtutu upimwe urefu wote. Chini ya milimita 0.5 popote pale, acha.

Soma pia alama zilizogongwa chini ya mitutu. Kwenye bunduki za Birmingham za kati ya mwaka 1954 na 1989 utakuta taji na herufi BNP (muhuri wa Birmingham wa kupimwa kwa baruti isiyo na moshi), urefu wa chemba kwa inchi, kama 2½, na maandishi ya tani 3 kwa inchi ya mraba. Tani hizo zilipimwa kwa kuponda kipande cha shaba, hazibadilishwi kuwa bar kwa kikokotoo cha simu. Wanaofanya hivyo wanapata jibu la uongo. Baada ya hapo alama zikawa za bar, mfano 850 kwa chemba fupi, na hilo ni shinikizo la majaribio ya kiwandani, halihusiani na la kila siku. Kipenyo cha mtutu kilichogongwa, kama .729, kilinganishwe na kipimo cha sasa kwenye inchi 9 kutoka nyuma: kikiwa kimepanuka kwa zaidi ya inchi 0.010, yaani milimita 0.25, Uingereza wangeihesabu kuwa haina tena muhuri halali wa majaribio.

Alama ya 2½ maana yake chemba ya milimita 65. Risasi nyingi utakazokuta madukani ni za milimita 70, na urefu huo ni wa ganda likiwa limekwisha kufunguka. Zinaingia kwa urahisi kabisa, ndiyo maana zinadanganya. Likifyatuka, mdomo wa ganda unafungukia kwenye sehemu ya mtutu inayoanza kuwa nyembamba, njia inabanwa na shinikizo linapanda. Kama alama haisomeki, mwenye lezi akukerezee kizibo cha milimita 20.2, kinapogota ndani ndipo chemba inapoishia. Kipime kwa venia, ile rula ya taya, kutoka ukingo wa nyuma. Kwa bunduki ya chemba 65, tafuta risasi za 65 zenye gramu 28 za marisawa ya madini ya risasi, si ya chuma. Zilizoandikwa magnum, pamoja na zile za chuma zenye kikomo cha bar 1050, ziache kwa bunduki zilizopimwa kwa ajili yake. Kikomo cha kawaida cha geji 12 ni bar 740. Na usiache boksi la risasi kwenye buti la gari juani ukielekea Mkuranga. Baruti yenye joto inapandisha shinikizo, nawe una bunduki ambayo haina ziada ya kuchezea.

Kuhusu nani afanye kazi: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka anayetengeneza silaha awe na leseni. Uliza polisi waliokupa kibali ni fundi gani anatambuliwa, na bunduki isafiri na karatasi zake. Huyo fundi akihitaji mkerezaji wa Gerezani, ampelekee mchoro wa pini wenye vipimo. Pini ni kipande cha chuma tu. Bunduki yenyewe haina sababu ya kuzunguka mitaani. Tanzania haimo kwenye umoja wa kimataifa wa majaribio ya silaha, CIP, hivyo hakuna muhuri utakaogongwa hapa baada ya ukarabati. Badala yake fundi anaifunga kwenye tairi kuukuu, kwenye uwanja unaoruhusiwa, na kuifyatua kwa kamba ndefu akiwa nyuma ya kinga, kila mtutu mara mbili au tatu, kwa risasi zilezile utakazotumia. Kisha anarudia kipimo cha fila. Kikibadilika hata kidogo, hairudi kwako.

Ikirudi, bawaba iwekewe grisi yenye molibdeni, kiasi cha punje ya mchele, kwenye pini, kwenye ndoana na kwenye bega la ubao wa mbele. Mafuta ya cherehani yanafaa ndani ya mashine, kwenye bawaba yanakimbia. Mafuta ya nazi yaache jikoni: yanachacha na kuganda. Baada ya kila safari ya shamba futa grisi yote ya zamani kwa kitambaa, maana imeshabeba mchanga, uweke mpya. Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi au turubai wakati wa masika, kwani mkoba unanyonya unyevu na kuilaza bunduki ndani yake. Ifunge kwa kuushika wenzo kwa dole gumba, uipandishe mitutu polepole, kisha uuachie.

Baada ya risasi 25 za kwanza ondoa ubao wa mbele na urudie utepe wa karatasi. Ikikataa, rudia tena kwenye 100. Ikikubali mapema kiasi hicho, ndoana ilikuwa inagusa kwenye ncha tu, na bunduki irudi kwa fundi yuleyule akiwa bado anakumbuka alichokifanya.